Homa Niliyotoka Nayo Matangani

Mzee Mukhwana alikuwa amekwisha kufa miaka tisa nilipomuua tena. Nilimuua siku ya Jumatano, tukinywa chai, katika nyumba ya mwanangu Nyongesa huku mtaa wa Fedha, Nairobi. Nilishusha kikombe, nikapangusa macho kwa upindo wa leso, nikasema, "Simu imetoka Bungoma. Mzee Mukhwana ametuacha."

Nyongesa akatoa kofia. "Mukhwana yupi, mama?"

"Wa ng'ambo ya mto. Binamu ya baba yako."

"Woi. Pole sana."

Hakuuliza zaidi; amekulia Nairobi, wazee wa kwetu hawajui wote. Ukitaja matanga, maswali yanakwisha. Mtu aweza kukunyima ruhusa ya kwenda harusini, akakunyima hata ya mkutano wa akina mama wa kanisa, lakini ya matanga, nani atakunyima? Mkaza mwanangu Waruguru, ambaye kwao ni Nyeri, alishuka dukani akarudi na sukari kilo nne na majani ya chai. Akasema, "Mama, wapelekee wafiwa. Uwaambie tuko pamoja." Nilipokea ile sukari nikaona aibu mpaka masikioni, lakini sikuirudisha.

Bungoma sikwenda. Nilikwenda Kiamaiko.

Kiamaiko niliuza chai na mandazi miaka ishirini na miwili, pale kwenye soko la mbuzi. Wateja wangu walikuwa wachuuzi, wachinjaji na wale wa kubeba ngozi. Nyongesa amesoma kwa mandazi yale, na akija mtu kuniambia Kiamaiko kunanuka, namwambia hiyo ni harufu ya karo. Jirani yangu alikuwa Nafiso. Mume wake alikuwa akileta mbuzi kutoka Marsabit, na tangu afariki, Nafiso ndiye anayeuza. Watoto wake na wangu walikula sahani moja.

Mwaka juzi niliteleza kwenye mtaro wa machinjioni nikavunja mkono. Nyongesa alipokuja kunichukua alikuta nimekaa juu ya debe, mkono umening'inia, na bado nawapimia watu chai kwa mkono mmoja. Alilia, mtu mzima vile. Halafu akakasirika. Akasema, "Mama, umetuchosha roho. Utakaa kwangu Fedha. Na nikisikia umekanyaga Kiamaiko tena, nakurudisha Bungoma kwa kaka."

Alisema kwa upendo. Lakini upendo wa mwanamume wakati mwingine una kufuli.

Bungoma si adhabu, kwetu ni kwetu. Lakini Bungoma hakuna Shiru. Shiru ni mjukuu wangu, ana miaka saba, ana pengo mbele, na tunalala chumba kimoja. Kila jioni lazima aniulize swali moja kabla ya kulala. "Kukhu, ukiwa mdogo, nani alikuwa anakusonga nywele?" "Kukhu, mbona wazee wakikaa wanasema 'aaah'?" Kukhu ndiyo bibi kwa lugha yetu. Nilimfundisha mimi, maana mtaani watoto wote wanasema shosho. Mtoto kama huyo ukimwacha mwaka mmoja, ukirudi atakuamkia kama mgeni.

Sasa, habari ya mbuzi. Nafiso alinipigia simu: "Mama Nyongesa, kuna mbuzi hapa, mweupe, shingo nyeusi. Kesho ni zamu yake ya kisu. Lakini mimi namshuku. Njoo umshike tumbo."

Mikono yangu inajua tumbo la mbuzi. Nilichomoka siku hiyo hiyo, Nyongesa akiwa kazini, nikamshika, nikamwambia, "Huyu ana wawili."

"Wallahi?"

"Wawili. Ukimchinja utakuwa umechinja watatu."

Nafiso akanitazama, akacheka. "Basi mchukue. Zawadi ya miaka yote ile ya chai. Lakini akae kwangu, maana huko kwenu ghorofani atapanda lifti?"

Mimi nilipoachishwa shule darasa la nne, bibi yangu alinipa mbuzi jike. Hakusema neno. Alinipa kamba tu mkononi. Ndicho kitu cha kwanza duniani kilichokuwa changu. Nikaona na Shiru apate kamba yake, kutoka mkononi mwangu, kabla mikono yangu haijaisha. Lakini ningemwambiaje Nyongesa kwamba nimepata mbuzi, bila kumwambia nimempatia wapi? Siku za kuzaa zikakaribia, nikaona sitamwacha yule mbuzi azae peke yake. Ndipo Mzee Mukhwana akafa mara ya pili.

Mbuzi alizaa Ijumaa, baada ya adhuhuri, katika kizizi kidogo nyuma ya nyumba ya Nafiso. Bintiye, Saado, mwenye mimba ya miezi saba, alimshika pembe. Huyo Saado huniita ayeyo, bibi kwa Kisomali. Nilimwambia, "Wewe na tumbo hilo kaa ndani." Akasema, "Ayeyo, wacha nijifunze, na mimi zamu yangu yaja."

Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili alitoka amelegea kama kitambaa, hapumui. Kwetu mtoto wa mbuzi akitoka hivyo haachwi. Nilimfuta pua kwa leso, nikamwinamia, nikaweka mdomo wangu puani mwake, nikampulizia. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu akapiga chafya usoni pangu, na Saado akapiga kelele utadhani amezaa yeye. Alikuwa jike. Nafiso akapika chai na ile sukari ya Waruguru. Akaonja, akainua kikombe juu. "Mungu amrehemu marehemu wako, Mama Nyongesa. Sukari yake ni tamu."

Leso ilikuwa imejaa damu na maji ya uzazi. Saado akaninyang'anya. "Hii nitaifua mimi, ayeyo. Utaichukua siku nyingine."

Jumapili nikarudi Fedha. Nyongesa akauliza matanga yalikuwaje. Nikasema tulimzika vizuri.

*

Wiki mbili na siku kadhaa zilipita. Jumanne moja niliamka na kichwa kinauma nyuma ya macho, uchungu ambao sijawahi kuupata. Jioni nikatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Shiru akaleta blanketi lake, akaleta na la mwanasesere.

Asubuhi Waruguru alinipeleka kwa kemisti aliye chini ya ghorofa yetu. Kijana akanitoboa kidole, akangoja kidogo, akasema, "Ni malaria na taifodi." Akanifungia dawa za zote mbili. Kwa yule kijana kila mtu ana malaria na taifodi. Jirani yetu wa orofa ya pili aliambiwa hivyo hivyo, kumbe alikuwa na jipu. Nilimeza, nikamaliza. Homa ilishuka mchana ikarudi jioni, kama mtu wa zamu.

Siku ya sita nikaanza kukohoa, na kila nikivuta pumzi upande wa kulia unachoma. Nyongesa akanibeba mgongoni, orofa tatu, mpaka chini. Nilimsikia akihema, nikasema, "Nyongesa, niweke chini, mimi mzito." Akasema, "Mama, nyamaza. Wewe ulinibeba na ukabeba na debe la chai."

Hospitalini daktari aliyetupokea anaitwa Wahome. Ni kijana mwembamba, ana sauti ya pole, na kila akikuuliza jambo anangoja ujibu, haangalii simu. Aliuliza, "Shosho amesafiri hivi karibuni?"

Kabla sijafungua mdomo, Nyongesa akajibu. "Alienda Bungoma, kwa matanga. Karibu wiki nne sasa."

"Ahaa," daktari akasema, na macho yake yakang'aa. "Nairobi mtu hapati malaria kwa urahisi. Lakini akitoka upande wa Bungoma, ni jambo la kwanza kuliangalia." Akaandika kwenye karatasi, akaitundika miguuni pa kitanda. Niliisoma. Darasa la nne si haba. Aliandika MALARIA, na mbele yake alama ya kuuliza.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi. Lakini Nyongesa alikuwa ameshika mkono wangu ule uliovunjika, anaupapasa kwa kidole gumba, na nikaona akilini begi langu limefungwa na Shiru amesimama mlangoni. Nikanyamaza. Nikajiambia, homa ni homa, dawa itaipata yenyewe.

Haikuipata. Damu yangu iliangaliwa malaria mara ya kwanza, hamna. Mara ya pili, hamna. Wakachukua damu nyingine wakaitia katika chupa wangoje kama kuna kijidudu kitaota. Wakapima mkojo, wakapiga picha ya kifua. Nikawekewa dripu na sindano kali asubuhi na jioni. Jioni homa inapanda, kama kwamba hakuna aliyeiambia kuna sindano.

Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja wa Kayole, Mama Mbuthia, mwenye ugonjwa wa figo na mdomo mzima kabisa. Daktari akija kwangu, yeye anapunguza redio.

"Shosho," daktari alinieleza siku ya pili, baada ya kupima malaria mara ya tatu na kukosa, "unajua homa si ugonjwa. Homa ni hodi. Mtu anabisha mlangoni, unasikia hodi, lakini hujui ni nani. Anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa mwizi. Ukimfungulia jirani na kumbe ni mwizi, umekwisha. Kwa hiyo mimi lazima niulize: ni nani?"

"Sasa mimi nitajuaje?" nikasema.

"Wewe ndiwe uliye ndani ya nyumba. Niambie. Kule matangani mlikunywa maji ya wapi?"

"Ya... ya kisima."

"Maziwa?"

"Ya chai. Yamechemka."

"Ulilala wapi? Kulikuwa na panya? Mbu? Kupe?"

"Nililala kwa jirani," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli.

"Kuna mnyama ulimshika?"

Nikakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, lakini nilikirefusha. Daktari akasubiri kiishe, akanipa maji, na mimi nikafumba macho kama nimechoka. Akaniacha nipumzike.

Alipotoka, Mama Mbuthia akasema, "Wewe mama wa Bungoma."

"Naam."

"Hayo matanga yako mbona hayana mambo? Mimi nikitoka matangani nakueleza aliyezirai, aliyegombania shamba, na nyama ilikuwa ngumu kiasi gani. Wewe unasema kisima tu."

"Nina homa, mama. Nimesahau."

"Haya. Sahau." Akaongeza redio.

Jioni ile Nyongesa alinipigia simu ili nisalimiane na Shiru, kwa kuwa watoto wadogo hawaruhusiwi wodini. "Niaje, Kukhu!"

"Unasemaje wewe? Niaje ni salamu ya nyanya yako?"

"Shikamoo basi. Kukhu, leo swali langu ni, homa yako inaitwa nani?"

"Haina jina bado, mpenzi wangu."

"Si wakuulize wewe? Si iko kwako?"

Nikamwambia alale salama. Nilijifunika uso na shuka la hospitali. Mtoto na daktari walikuwa wameniuliza jambo moja, na jibu nilikuwa nimelikalia kama kuku.

*

Siku ya tatu saa nne asubuhi, daktari Wahome alikuja na kiti chake mwenyewe. Nyongesa alikuwepo, ameshika flaski ya uji. Pumzi yangu ilikuwa imekuwa fupi, wakanitia mpira wa hewa puani. Nyongesa alikuwa hajanyoa ndevu siku tatu.

"Shosho, na wewe bwana," daktari akasema, "sitawaficha. Damu bado haijaotesha chochote. Malaria si yenyewe. Dawa ninazotoa hazifanyi kazi, na kifua kinazidi. Zipo homa nyingine, na kila moja ina dawa yake, lakini siwezi kumwaga dawa zote ndani ya mama wa miaka sitini na nane. Kwa hiyo nitapiga simu Bungoma. Nitawaomba watu wa afya wa kule waende kwenye boma la marehemu, waangalie kama kuna wengine wanaougua. Nipe jina la kijiji."

Nikawaona watu wa afya na pikipiki zao wakifika kwa marehemu Mukhwana, wakiuliza waombolezaji wako wapi, na mjane, mama wa watu aliyekwisha kuyamaliza machozi yake, akianza kulia upya.

"Na jambo lingine," daktari akaendelea. "Wale uliokaa nao siku zile tatu, je, kuna mwanamke mwenye mimba? Maana baadhi ya homa hizi, mkubwa anaweza kuugua akapona, lakini mtoto tumboni hahimili. Ni lazima tumtafute mapema."

Nikamwona Saado. Nilimwona ameshika pembe, tumbo limetangulia, anacheka. Nikamwona ameinama juu ya beseni, anafua leso yangu kwa mikono.

Nikautoa ule mpira wa hewa. "Daktari, usipige simu Bungoma."

"Kwa nini, shosho?"

"Hakuna wa kuugua kule. Mzee Mukhwana alikufa miaka tisa iliyopita."

Nyongesa alishusha flaski polepole. Redio ya Mama Mbuthia ikazimwa kabisa.

"Mama," Nyongesa akasema, "tulikupa sukari."

"Ilinywewa, mwanangu. Kiamaiko."

"Mimi nilijua!" Mama Mbuthia akasema. "Kisima! Kisima gani!"

Nilieleza yote, huku nikipumzika kila baada ya maneno machache. Tumbo la mbuzi. Kizizi. Yule aliyekuja amekufa na yule aliyekuja amelegea. Sikumtazama Nyongesa. Nilimtazama daktari, na daktari alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa kitanda, na macho yake yanang'aa kuliko siku ile aliposikia Bungoma.

"Ngoja," akasema. "Ulimpulizia wapi?"

"Puani."

"Kwa mdomo wako?"

"Sasa ningempulizia kwa nini, daktari?"

Akacheka, akajizuia, akafunika mdomo. "Samahani shosho. Na aliyezaliwa amekufa, mlimshika kwa mikono mitupu? Na kondo la nyuma?"

"Nani huvaa glavu akimzalisha mbuzi?"

"Ulikuwa na nani?"

"Nafiso. Na bintiye Saado." Nikamshika mkono wa koti. "Daktari, Saado ana mimba. Sasa itakuwa ya miezi minane. Alishika pembe, na leso akaifua yeye. Kama mna dawa moja tu, mpeni yule."

"Dawa ipo ya wote, shosho," akasema. Akasimama, akaenda kwenye ile karatasi miguuni pangu, akapiga mstari juu ya MALARIA. "Kuna homa inayotoka kwa mbuzi wanaozaa. Kijidudu chake kimo katika maji ya uzazi, na kikikauka kinapeperuka na vumbi, mtu akavuta tu hewa akakipata. Mbuzi mwenyewe haonekani mgonjwa, ila anaweza kuzaa mfu. Nitatuma damu yako maabara ya mbali, na majibu yatachukua siku nyingi. Lakini sitangoja majibu. Dawa tunaanza leo, kwa sababu ya haya uliyoniambia. Yule Saado namtaka hapa leo pia."

Nikageuka nimtafute Nyongesa. Hakuwapo. Flaski ilikuwa juu ya kabati na yeye ameondoka bila kuaga.

"Ameenda," nikamwambia Mama Mbuthia.

"Wanaume huenda," akasema. "Kunywa uji."

Niliunywa. Niliona nimempoteza mwana na mjukuu siku moja, na uji ulikuwa mtamu, Waruguru aliutia ndimu kama ninavyopenda, na hilo likaniliza zaidi.

Saa tisa alasiri mlango wa wodi ukafunguliwa. Akaingia Nafiso, shungi limeenda upande, nyuma yake Saado na tumbo lake, na nyuma yao Nyongesa, viatu vimejaa tope la Kiamaiko hadi kwenye kamba. Nilisikia harufu ya mbuzi kabla hajanifikia.

"Simu ya Nafiso ilikuwa imezimwa," akasema, kama mtu anayejitetea. "Ikabidi niende."

"Alikuja anakimbia," Nafiso akasema. "Nikadhani umekufa. Nikaanza kulia, akaniambia, wacha kulia, ingia ndani ya gari! Mama Nyongesa, kijana wako ana kelele."

Saado alinikumbatia juu ya mipira yote. "Ayeyo, mimi mzima. Sina homa."

"Nenda wakupime."

"Naenda. Leso yako iko kwa kamba, imetakata."

Nyongesa alikaa kwenye kiti cha daktari. Alitazama tope la viatu vyake. Halafu akasema, "Nimemwona huyo mbuzi wako."

"Umemwona?"

"Alikula karatasi ya mfukoni mwangu."

Akaichukua flaski, akaitikisa, akanimiminia uji uliobaki.

*

Dawa ile, vidonge viwili kwa siku, ilifanya kazi yake. Siku ya pili jioni nilingoja homa ije, haikuja. Nilikaa macho naisubiri kama mgeni aliyesema atafika. Siku ya tatu nilitolewa mpira wa hewa, na ya tano nikaruhusiwa kwenda nyumbani.

Saado alipimwa. Kijidudu kilikuwa kimemgusa na yeye, kidogo, bila homa. Wakampa dawa nyingine inayofaa wajawazito, na wakawa wanamwangalia kila wiki mpaka akajifungua msichana mwenye sauti kama ya Nafiso. Mimi nilikwenda kumwona. Sikumpulizia popote.

Majibu yangu kutoka maabara yalikuja nikiwa nimeshapona. Daktari Wahome alinisomea: homa ya Q. Nikamwambia hilo si jina, ni herufi. Akasema waliokutana nayo mara ya kwanza hawakujua ni kitu gani, kwa hiyo wakaipa herufi inayoanza neno la Kiingereza la swali. Basi ni homa ya kuuliza. Nikakumbuka alama yake miguuni pa kitanda. Alikuwa ameipata tangu siku ya kwanza, ila ilikaa mbele ya neno lisilo lake, na aliyeiweka hapo ni mimi.

Lakini nirudi siku ile niliyotoka hospitali. Nilipofika Fedha nilikwenda moja kwa moja chumbani, nikatoa begi chini ya kitanda, nikaanza kukunja nguo. Neno la mwanangu nalijua. Afadhali nikutwe tayari kuliko kufungiwa begi na mtu mwingine. Shiru alikaa juu ya mto akinitazama.

"Kukhu, unaenda matanga tena?"

"La. Naenda Bungoma."

"Matanga ya nani?"

"Ya hakuna mtu."

Akakimbia sebuleni. Nikasikia minong'ono, halafu miguu ya Nyongesa. Alisimama mlangoni, amekunja mikono.

"Nilikuambia ukikanyaga Kiamaiko nakurudisha Bungoma," akasema.

"Uliniambia, baba."

"Sasa na mimi nimekanyaga. Mimi nani atanirudisha?"

Niliendelea kukunja. Alikuja akaketi kitandani, kitanda kikalia, naye akasema "aaah" kama mzee, na Shiru akacheka kule alikojificha.

"Mama, ungekufa," akasema taratibu. "Ungekufa kwa sababu unaniogopa mimi. Mimi! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si mbuzi."

"Sikuogopi wewe. Naogopa kumkosa huyu." Nilionyesha mlangoni kwa kidevu.

Akachukua leso niliyokuwa nimeikunja, akaikunjua, akairudisha kabatini. Kisha rinda. Kisha sweta. Alizirudisha vibaya, zimejikunyata, na baadaye ilibidi nizikunje upya, lakini nilimwacha amalize.

Daktari wa mifugo alikwenda kwa Nafiso, akatoa damu ya yule mbuzi, akapanga mambo: kizizi kisafishwe kwa dawa, maziwa yachemshwe, wajawazito na watoto wasikaribie kwanza. Kwa hiyo Shiru alingoja miezi miwili na nusu, akiuliza kila jioni swali lile lile, mpaka tukaruhusiwa. Siku hiyo tulikwenda sote, hata Waruguru, ambaye alibeba sukari. "Hii ni ya walio hai," akasema.

Nilimpa Shiru kamba ya yule mtoto wa mbuzi mkononi. Sikusema neno, kama bibi yangu. Lakini Shiru si mimi, yeye alisema mengi. Aliuliza mbona mboni za macho ya mbuzi zimelala upande, aliuliza kama anaweza kupanda ngazi mpaka Fedha. Nafiso akamuuliza atampa jina gani.

Shiru akafikiri, ulimi umetokeza pengoni.

"Matanga," akasema.

Nyongesa akaangalia pembeni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Siku hizi nikitaka kwenda Kiamaiko nasema tu, tukinywa chai, mbele ya watu wote: "Kesho naenda kumwona Matanga." Nyongesa hainui hata macho kutoka kwenye kikombe. Anasema, "Glavu ziko kwenye droo, mama," nami nazichukua.